Kutoka Ua hadi Tunda: Historia ya Oksini katika Kilimo cha Pilipili

Mkulima wa pilipili hoho huumia anapoona mmea umejaa maua leo, na siku chache baadaye maua hayo yamepukutika chini. Joto kali huharibu chavua, na ua lisilochavushwa kwa kawaida halitungi tunda. Siku hizi zipo dawa za kupuliza ili maua yashike. Insha hii inaeleza asili ya dawa hizo, na kwa nini historia yake ni onyo kwa anayezitumia.

Chanzo kimoja kiko Utrecht, Uholanzi. Mwaka 1926 Frits Went alikata ncha za miche michanga ya oti, akaziweka juu ya vipande vya agari. Kisha akavichukua vipande hivyo, bila zile ncha, na kuviweka upande mmoja wa miche iliyokatwa. Miche ikakua huku ikipinda. Hapo ikathibitika kwamba ncha hutoa kemikali inayochochea ukuaji. Kemikali hiyo ikaja kuitwa oksini.

Huko Michigan, Marekani, Felix Gustafson akauliza swali jingine: kama chavua ndiyo huamsha tunda, je, kemikali inaweza kufanya kazi yake? Alipaka kemikali za jamii ya oksini kwenye maua ya nyanya, pilipili na mimea mingine ambayo hayakuchavushwa. Mwaka 1936 alitangaza kwamba yalipatikana matunda yasiyo na mbegu. Dawa kama NAA, ambayo leo hupulizwa kwenye pilipili kwa miligramu chache tu kwa lita moja ya maji, imejengwa juu ya wazo hilo.

Hata hivyo, historia hii haikuishia bustanini. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, watafiti wa Uingereza na Marekani walichunguza kwa siri kemikali za jamii hiyohiyo, wakaona kwamba zikizidi huvuruga ukuaji hadi mmea ukafa. Mojawapo, 2,4-D, iliuzwa baada ya vita kama dawa ya magugu. Baadaye ilikuwa sehemu ya mchanganyiko wa Agent Orange, ambao jeshi la Marekani lilimwaga juu ya misitu na mashamba ya Vietnam. Lakini 2,4-D hiyohiyo, kwa kiasi kidogo sana, imewahi kutumiwa kusaidia nyanya kutunga matunda.

Kwa hiyo, kinachotenganisha dawa ya kuzalisha na dawa ya kuua hapa mara nyingi ni kipimo. Mkulima anayekadiria kwa kifuniko cha chupa, kwa sababu maelezo yameandikwa kwa lugha asiyoisoma, anaweza kupoteza shamba zima. Sisi wanafunzi tunaosoma kilimo na historia kwa Kiswahili tuna kazi ya kufanya hapo: kumfikishia kipimo kwa lugha anayoielewa, kabla hajajaza bomba la kupulizia.