Titaniamu: Metali Iliyojificha Kwenye Mchanga Wetu

Leo naweka programu kando kidogo nizungumzie metali. Msinikimbie! Metali yenyewe imo kwenye vitu tunavyovipenda sisi watu wa kompyuta. Mwaka 2001 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta ya mapajani, PowerBook G4, yenye bodi ya titaniamu. Mwaka 2023 ikaitumia tena kwenye fremu ya simu ya iPhone 15 Pro. Ni nyepesi, ni imara na haishiki kutu.

Sasa, mimi niko Kikambala, na jirani zetu upande wa kaskazini ni Vipingo, kwenye mashamba ya mkonge. Miaka ya 1990 kampuni ya Tiomin kutoka Kanada ilipima mchanga wa pwani hii ikataja maeneo manne yenye madini ya titaniamu: Kwale kule kusini, na Vipingo, Sokoke na Mambrui huku Kilifi. Si huu mchanga mweupe wa ufukweni. Ni ule mwekundu wa vilima vya ndani, ambao wanajiolojia wanauita mchanga wa Magarini.

Madini yako jirani hivyo, mbona metali yenyewe tunaiona tu ikirudi kutoka ng'ambo? Tuanze mwanzo.

Mwaka 1791 kasisi mmoja wa Cornwall, Uingereza, William Gregor, alichunguza mchanga mweusi wa kijito karibu na kijiji cha Manaccan. Mchanga ule ulivutwa na sumaku. Ndani yake akapata chuma, na pamoja nacho oksaidi ya metali ambayo haikujulikana. Mwaka 1795 Mjerumani Martin Klaproth akaikuta metali hiyo kwenye jiwe jingine, rutaili, akaipa jina la Watitani, majitu ya hadithi za Wagiriki, wana wa ardhi.

Ila kujua kitu kipo na kukitoa ni mambo mawili. Titaniamu ikipata moto hung'ang'ania oksijeni na naitrojeni. Huwezi kuiyeyusha kwa makaa kama chuma, kwani itaungana na hayo makaa yenyewe. Miaka 119 ilipita tangu Gregor, ndipo mwaka 1910 Matthew Hunter kule Marekani akapata titaniamu iliyo karibu safi kabisa, tena kidogo tu.

Aliyefungua njia ya viwanda ni William Kroll wa Luxembourg, katika miaka ya 1930. Ukiandika programu utaielewa njia yake haraka, maana kila hatua inakula matokeo ya hatua iliyotangulia. Kwanza, madini yanachomwa pamoja na klorini na kaboni, yanakuwa kimiminika. Pili, kimiminika kinasafishwa. Tatu, kinakutanishwa na magnesiamu ya moto ndani ya chombo kisicho na hewa. Kinachobaki ni metali yenye vitundu kama sifongo. Nne, sifongo inayeyushwa bila kugusa hewa. Kazi ya siku kadhaa, na umeme mwingi! Kampuni ya DuPont ilianza kuuza titaniamu mwaka 1948, na njia ya Kroll ndiyo inayotawala hadi leo.

Nguvu iko kwa anayezijua hatua hizo. Marekani yenyewe, ilipounda ndege ya kijasusi SR-71 miaka ya 1960, ilinunua titaniamu kwa hila kutoka kwa hasimu wake, Muungano wa Kisovieti.

Turudi pwani. Leseni ya kuchimba Kwale ilitolewa mwaka 2004, na wenyeji wa Maumba na Nguluku wakahamishwa. Mwaka 2010 Base Resources ya Australia ikaununua mradi. Uzalishaji ulianza mwishoni mwa 2013, na Februari 2014 meli ya kwanza ikapakia Likoni. Mchanga ulichujwa kwa maji, sumaku na umeme, ukatoa ilimenaiti, rutaili na zirikoni. Desemba 2024 uchimbaji ukakoma.

Katika hatua za Kroll, Kwale haikufikia hata ya kwanza. Ilitayarisha malighafi tu, metali haikutengenezwa pale. Na duniani zaidi ya asilimia 90 ya madini haya hayawi metali kamwe. Yanakuwa unga mweupe wa kutia kwenye rangi za nyumba, karatasi, plastiki na dawa ya meno. Huenda ukuta mweupe unaouangalia sasa una titaniamu ndani yake.

Sidai kwamba Kilifi ijenge kiwanda cha Kroll kesho. Umeme tu ungetushinda. Lakini kati ya mchanga na simu kuna ngazi nyingi, na hata huo unga mweupe ni ngazi ya juu kuliko mchanga. Mchanga wa Vipingo, Sokoke na Mambrui ukichimbwa hauoti tena, na juu yake kuna nyumba, minazi na makaburi ya wazee wetu. Siku wakija na mkataba, tusiulize bei ya tani peke yake. Tuulize pia: kazi hii itafika hatua ya ngapi kabla haijapanda meli?