MAKOVU YA CHUNUSI: TIBA YAKE IMETOKA WAPI?



Ndugu wazazi na wanafunzi wa Butare na Rusizi yote, vijana wetu wengi huinamisha nyuso kwa sababu ya makovu ya chunusi. Wengine hukimbilia krimu za kujichubua, na wengine huogopa kwamba kujitibu ni kubadili maumbile. Tuitazame historia.

Sahaba Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya. Akaweka pua ya fedha, ikamtolea harufu mbaya. Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Hapo wanavyuoni wakapata dalili kwamba kuondoa kasoro iliyoletwa na jeraha au maradhi ni tiba.

Ama makovu ya chunusi, mwaka 1905 daktari Ernst Kromayer wa Ujerumani alieleza namna ya kuyasaga kwa vyombo vinavyozunguka. Mwaka 1953 Abner Kurtin wa New York akaiendeleza kwa brashi ya waya. Lakini njia hiyo hukwangua ngozi yote ya juu, na ngozi nyeusi kama zetu huweza kubaki na madoa au keloidi.

Kwa hiyo madaktari wakatafuta njia nyepesi. Mwaka 1995 David na Norman Orentreich walieleza jinsi ya kupitisha sindano chini ya kovu lililobonyea na kukata nyuzi zinazolivuta ndani. Miaka hiyo hiyo ya 1990, Desmond Fernandes wa Cape Town, Mwafrika mwenzetu, aliendeleza utoboaji kwa sindano ndogo nyingi. Mwili huziba matundu hayo kwa kutengeneza kolajeni mpya, na shimo hupungua kina. Kwa kuwa ngozi ya juu haikwanguliwi, hatari ya madoa ni ndogo kwa watu weusi. Mwaka 2004 ikafuata leza inayogusa vijisehemu tu vya ngozi.

Tofautisheni doa na shimo. Krimu ya kujichubua hupausha rangi, haijazi shimo. Tena nyingine zina zebaki inayodhuru figo. Ndiyo maana mwishoni mwa 2018 Rwanda ilianza msako mkali dhidi ya krimu hizo.

Basi tunausia: tibuni chunusi kwanza, msizikamue, kwani kovu ndipo linapoanzia. Kisha muoneni daktari wa ngozi. Kanda yetu ina wataalamu. Kituo cha Moshi, Tanzania, kilichoanza 1992 katika hospitali ya KCMC, kimefundisha waganga wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Msikubali sindano za saluni, maana sindano ya kuchangia huleta Ukimwi na homa ya ini. Na msitarajie uso usio na alama yoyote: tiba hizi hupunguza kovu, aghalabu kwa mizunguko kadhaa, wala haziling'oi lote.

Na enyi wazazi, msimcheke kijana kwa uso wake. Kejeli ya nyumbani ndiyo humpeleka dukani kununua sumu.

Wabillahi tawfiq.