Walimu wa Dini, na Jinsi Walivyofundishwa

Wakati wa Yubilei tumezoea kuwataja kwanza Maaskofu na Mapadre waliovuka bahari kutuletea Injili, nasi twafanya hivyo kwa haki. Lakini katika vijiji vingi mtu wa kwanza kuwaonyesha watoto Ishara ya Msalaba hakuwa Padre. Alikuwa mlei, mwenye mke na watoto na shamba lake, ambaye watu walimwita Mwalimu. Kazi yake imesifiwa mara nyingi. Katika sura hii tunataka kueleza neno lingine lisilosemwa sana: Mwalimu huyu alifundishwa na nani, tena alifundishwa nini? Maana mtu hugawa kile alicho nacho, wala hawezi kugawa zaidi.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka wa 1863, na mwaka wa 1868 wakaanza Misioni ya Bagamoyo. Hapo waliwalea watoto waliokombolewa utumwani. Watoto hao walifundishwa katekisimu, kusoma, kilimo na kazi za mikono. Walipokuwa wakubwa walifunga ndoa. Na Misioni ya Mhonda ilipofunguliwa mwaka wa 1877 katika milima ya Nguru, jamaa changa kutoka Bagamoyo zilisafiri pamoja na Mapadre, zikajenga na kulima huko. Basi fundisho lao la kwanza kwa wenyeji lilikuwa maisha yao wenyewe, jinsi mume na mke Wakristu wanavyokaa nyumba moja. Lakini walikuwa wageni katika nchi ile, na mgeni huchukua muda mrefu kusikilizwa.

Mwaka wa 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe ulipita Bagamoyo kwenda nchi za Maziwa Makuu. Mwanzilishi wao, Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, aliyefanywa Kardinali mwaka wa 1882, aliweka sheria iliyowashangaza wengi: mtu asibatizwe mpaka amefundishwa miaka minne, miwili akiwa mpostulanti na miwili akiwa mkatekumeni, isipokuwa katika hatari ya kufa. Hebu tufikiri kidogo. Padre mmoja mwenye vijiji vingi angewezaje kuwafundisha watu wote hao kwa muda huo wote? Sheria ile yenyewe ilihitaji walimu, nao hawangepatikana ila miongoni mwa wenyeji.

Lavigerie aliona tangu mwanzo kwamba Waafrika watavutwa na Waafrika wenzao. Mwaka wa 1881 alifungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta, ambamo vijana Waafrika waliokombolewa utumwani walisomea uganga wa kizungu pamoja na dini, ili wawe matabibu na makatekista. Mmoja wao alikuwa Adrian Atiman, mzaliwa wa pande za Timbuktu. Aliibwa angali mtoto, akavushwa jangwa, akakombolewa na Mapadre huko Algeria. Mwaka wa 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, na hapo aliwatibu watu mpaka alipofariki mwaka wa 1956. Alioa katika nchi ile, na mwanawe akapata Upadre. Naye alifika mgeni kama wale wa Mhonda. Lakini alikaa miaka sitini na saba, na mgeni aliyekaa muda huo hawi mgeni tena.

Ushuhuda mkubwa kuliko wote ulitoka Uganda. Mapadre walikuwa wamefika huko mwaka wa 1879. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1882 hali ya nchi iliwatia hofu, wakaondoka, wakavuka ziwa mpaka Bukumbi, karibu na Mwanza. Waliacha Wakristu wachache tu, na baadhi yao walikuwa wamebatizwa mwaka ule ule. Josefu Mukasa Balikuddembe alibaki katika jumba la mfalme, na Andrea Kaggwa katika watumishi wake. Mathias Mulumba alikuwa pande za Singo, alikofundisha watu wa Mityana. Hawakuwa na Padre, wala Misa, wala Kitubio. Walikuwa na sala, na mafundisho waliyoyashika kwa moyo, na desturi ya kukutana. Mapadre waliporudi mwezi wa Julai mwaka wa 1885, walikuta wasomaji wameongezeka. Tangu Novemba mwaka ule mpaka mwaka wa 1886 hao watatu waliuawa kwa ajili ya dini, pamoja na Karoli Lwanga na wenzake, na mwaka wa 1964 Kanisa likawatangaza Watakatifu. Hapo twajifunza jambo kubwa: wale waliofundishwa vizuri, ingawa kwa muda mfupi, walilitunza Kanisa karibu miaka mitatu bila Padre.

Jaribu la namna hiyo lilirudi wakati wa Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918. Katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, wamisionari wengi walikamatwa na kuondolewa, hasa Wabenediktini wa kusini. Huko nako walimu ndio waliowakusanya watu siku ya Jumapili, wakawabatiza waliokuwa katika hatari ya kufa, wakawazika wafu kwa sala.

Baada ya vita yalikuja mabadiliko ambayo matunda yake tunayaona mpaka leo. Zamani jina la Mwalimu lilishika kazi mbili: mtu yule yule alifundisha katekisimu na herufi, mara nyingi chini ya paa moja. Kisha Serikali ya Waingereza ilianza kutoa fedha kwa shule zilizo na walimu wenye vyeti. Mwaka wa 1928 Askofu Arthur Hinsley, mjumbe wa Baba Mtakatifu, aliwahimiza wamisionari huko Dar es Salaam watangulize shule, hata pale ambapo nguvu hazikutosha kwa shule na makanisa pamoja. Shauri lile lilikuwa na busara yake, na wasomi wengi wa nchi zetu ni matunda yake. Lakini kazi mbili ziligawanyika. Kijana mwenye akili alipelekwa chuo cha ualimu, akapata cheti na mshahara. Katekista alibaki na kitabu chake kidogo na posho isiyotosha chumvi.

Katika Tanzania, kwa sheria ya mwaka wa 1969, shule za misioni zilichukuliwa na Serikali. Mwalimu wa shule akawa mtumishi wa taifa. Yule katekista aliyesahauliwa ndiye aliyebakia mikononi mwa Kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umekwisha kuonya. Katika hati yake juu ya umisionari ya mwaka wa 1965 uliagiza vyuo vya makatekista viongezwe, wapewe masomo ya Biblia, ya Liturujia na ya namna ya kufundisha, tena walipwe kwa haki wale wanaofanya kazi hiyo siku zote. Na tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliweka rasmi huduma ya Katekista katika Kanisa lote.

Basi, ndugu Wakristu, nanyi walimu wapenzi, historia hii yatudai jambo. Siku hizi mtoto wa darasa la saba huuliza maswali ambayo babu yake hakuyauliza, na katekista asiyejua ila majibu ya kukariri huaibika mbele yake. Kumpeleka chuoni kunagharimu ada, nauli na chakula cha jamaa yake anayoiacha nyumbani. Parokia inayojenga mnara wa kengele na kushindwa kumsomesha katekista mmoja haijafahamu jinsi Kanisa lilivyojengwa hapa kwetu. Kwa kumbukumbu ya Yubilei hii, kila parokia na imchague mmoja, mwanamume au mwanamke, imgharimie mpaka amalize masomo yake. Na Mwenyezi Mungu awape raha ya milele walimu wetu waliotangulia.