Faranga ya Kongo na Faranga ya Ubelgiji

Hapa Simi-Simi, kama penginepo mjini Kisangani, hata mtoto atumwaye sokoni ajua kuuliza dola ni ngapi leo. Zamani swali hilo halikuwako. Tufuate basi habari ya feza mbili, ya Kongo na ya Ubelgiji, tuone zilivyokuwa sawa na zilivyoachana. Habari hiyo yamhusu kila mtu apokeaye mshahara au auzaye mazao.

Katika mwaka wa 1887 serikali ya mfalme Leopold II iliamua kwamba faranga ya Kongo iwe sawa na ile ya Ubelgiji: moja kwa moja. Wakati ule watu wa mtoni walikuwa wakinunua vitu kwa nguo, chumvi na mitako, yaani vipande vya waya wa shaba. Banki ya Kongo ya Kibelgiji ilianzishwa katika 1909, na usawa ule ukadumu. Faranga ya Ubelgiji iliposhushwa katika 1926, na tena katika 1935, ile ya Kongo ilishuka pamoja nayo, wala hakuna Mkongo aliyeulizwa shauri. Katika 1940 Wajerumani waliiteka Ubelgiji, na faranga ya Kongo ikafungwa na feza ya Waingereza. Vita vilipokwisha zikawa sawa tena, na tangu 1949 faranga 50, za huku au za huko, zilitosha kupata dola moja. Msafiri aliyeshuka kwa ndege Simi-Simi katika 1955 na faranga 1,000 za Ubelgiji alihesabiwa 1,000 za Kongo.

Lakini tusidanganyike. Noti zilikuwa sawa, watu hawakuwa sawa. Mshahara wa Mkongo ulikuwa mdogo mno kuliko wa Mzungu, na mambo ya feza yaliamuliwa Bruseli.

Kisha ukaja uhuru, tarehe 30 Juni 1960, na fujo zilizofuata. Kodi haikukusanywa vema, mazao yalipungua, na serikali ikakopa kwa banki yake yenyewe, maana yake noti zikaongezwa na vitu havikuongezeka. Katika Novemba 1961 dola ikawa kama faranga 65. Katika Novemba 1963 aliyeileta dola banki alipewa 150, aliyeitaka alilipa 180. Hivyo faranga moja ya Ubelgiji ilikuwa imepita 3 za Kongo.

Tarehe 23 Juni 1967 ikaja feza mpya, zaire. Zaire moja ilichukua mahali pa faranga 1,000, ikagawanywa katika makuta 100. Ilikuwa na thamani ya dola 2, ndiyo faranga 100 za Ubelgiji. Watu wengi waliona fahari. Lakini bei ya shaba ilianguka tangu 1974, madeni yakazidi, na noti zikapigwa bila kiasi. Katika Machi 1976 zaire ilishushwa, ikawa karibu faranga 45 za Ubelgiji. Katika Septemba 1983 ilishushwa tena, isifike hata faranga 2. Ilichukua miaka 16 tu kutoka 100 hadi hapo.

Tutazame sasa ni nani aliyelipa hasara. Kabla ya 1983 banki ilikuwa na kima chake, na njiani kulikuwa na kima kingine. Tuseme, kwa mfano tu, gunia la kahawa lauzwa ng'ambo dola 100. Banki yasema dola ni zaire 3; njiani dola ni zaire 9. Kahawa yahesabiwa zaire 300, na mkulima apewa sehemu yake katika hizo. Lakini akienda dukani akute sabuni na nguo zimewekwa bei kwa kima cha 9. Mkubwa mwenye ruhusa hupata dola za banki kwa 3 na kuziuza kwa 9. Twaona basi kwamba kima cha uongo ni mizani ya uongo: huonekana kama heshima ya taifa, kumbe chamnyang'anya mlimaji. Ndiyo maana kahawa nyingi ya mashariki ilivuka mpaka usiku.

Mwenye kuweka akiba naye hakupona. Katika Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa, na siku za kuzibadili zilikuwa chache. Mtu wa kijiji cha mbali na banki alibaki na karatasi.

Katika Oktoba 1993 zaire 3,000,000 zilifanywa zaire mpya moja. Tarehe 30 Juni 1998 zaire mpya 100,000 zilifanywa faranga moja. Fanya hesabu mwenyewe: faranga moja ya 1998 yachukua mahali pa faranga 300,000,000,000,000 za zamani. Hata hiyo ilianza ikipita faranga 20 za Ubelgiji, na katika Mei 2001, kima kilipoachwa huru, zilihitajika zaidi ya 6 kupata moja ya Ubelgiji. Mwaka uliofuata faranga ya Ubelgiji nayo ilikwisha, ikaingia euro. Ila Mbelgiji alijua mapema kima chake, faranga 40.3399 kwa euro moja, naye alipewa nafasi ya kubadili akiba yake yote.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa, kuliko wingi wa sufuri. Feza zote mbili zilikufa, lakini akiba ya Mbelgiji ilivuka ikiwa nzima, na ya Mkongo ilipotea njiani. Wanaoshika sanduku la chama au la shule wayakumbuke haya. Wasiseme, "Tuna noti nyingi kuliko mwaka jana," bali waulize zanunua magunia mangapi ya mchele.