Jibu Linalotarajiwa: Utata wa Mahitaji na Nafasi ya Mpimaji Programu

Kuna dai lililokaa katika mitaala ya uhandisi wa programu na katika nyaraka za zabuni kwa muda mrefu hata halionekani tena kuwa ni dai. Linasema kwamba utata katika mahitaji ya mfumo ni kasoro ya uandishi; kwamba mwandishi makini, akipewa muda wa kutosha, anaweza kuuondoa wote kabla msimbo haujaanza kuandikwa; na kwamba mpimaji hana la kufanya mpaka kazi hiyo imalizike. Kiwango cha IEEE 830 cha mwaka 1998 kililiweka kwa ufupi: waraka wa mahitaji hauna utata pale tu ambapo kila hitaji lililomo lina tafsiri moja. ISO/IEC/IEEE 29148, kiwango kilichokirithi mwaka 2011, kilibadili mengi, lakini sharti hilo kimelibakiza. Zabuni nyingi za mifumo katika taasisi zetu zinafuata mantiki hiyohiyo. Mahitaji huandikwa na kutiwa sahihi, mzabuni hujenga, kisha watumiaji huitwa kwenye majaribio ya kuupokea mfumo, wakati ambapo malipo ya mwisho yanangoja sahihi yao.

Makala haya yanalipinga dai hilo. Utata wenye madhara makubwa aghalabu haumo ndani ya sentensi. Umo katika sababu iliyoachwa nje ya sentensi, na hakuna ufundi wa kisarufi utakaomfichulia msomaji jambo ambalo hakuandikiwa. Njia ya kuufikia ni kuandika jaribio mapema, tena liandikwe na mtu ambaye hatajenga, kwa kuwa jaribio humlazimisha mwandishi wake kutaja jibu linalotarajiwa. Asipoweza kulitaja, amegundua utata.

Kwamba lugha ya kawaida ina utata, hapana ubishi. Daniel Berry na Erik Kamsties wameuchambua kwa undani wa kutosha, na violezo vya sentensi vinavyoitwa EARS, alivyovitoa Alistair Mavin pamoja na wenzake wa Rolls-Royce mwaka 2009, vinasaidia kweli kuzipunguza sentensi legelege. Ugomvi unaanzia kwenye gharama. Tangu Barry Boehm achapishe kitabu chake cha uchumi wa uhandisi wa programu mwaka 1981, tumekuwa tukiwakaririsha wanafunzi kwamba kasoro ya mahitaji ikigunduliwa baada ya mfumo kuanza kutumika hugharimu hata mara 100 ya gharama ya kuirekebisha mwanzoni. Laurent Bossavit ameifuatilia namba hiyo na kuonyesha jinsi ilivyonukuliwa kutoka chapisho hadi chapisho huku data iliyo chini yake ikizidi kupungua. Sihitaji kuamua nani kati yao ana haki. Hata namba hiyo ikiwa sahihi, haithibitishi kwamba kuandika zaidi ndiyo dawa. Inathibitisha kwamba kugundua mapema kuna faida, na kugundua si sawa na kuandika.

Upande wa pili wako wanaosema waraka wa mahitaji utupwe, majaribio yenyewe yawe ndiyo mahitaji. Hawa nawaona hatari zaidi, kwa sababu wamekaribia ukweli. Jaribio huhifadhi jibu tu. Sababu ya jibu hilo haliihifadhi. Mjenzi anayejiandikia majaribio peke yake huigeuza dhana yake kuwa sheria, kisha mfumo unafaulu kwa kipimo alichokitunga yeye mwenyewe. Elaine Weyuker alikwisha kuonyesha mwaka 1982 kwamba ziko programu ambazo hakuna mtu wa kusema kwa urahisi jibu lake sahihi ni lipi. Yeye alikuwa akizungumzia zaidi hesabu ngumu za kisayansi. Mimi nadhani hali hiyo imeenea kuliko alivyodai: katika mifumo ya kawaida ya mishahara, mikopo na uandikishaji, jibu halijulikani kwa sababu hakuna aliyewahi kuulizwa.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni wa chombo cha NASA kilichoitwa Mars Polar Lander. Kilirushwa tarehe 3 Januari 1999 na kikapotea tarehe 3 Desemba mwaka huohuo, kilipokuwa kikishuka kwenye sayari ya Mirihi. Ripoti ya jopo lililoundwa na maabara ya JPL, iliyotoka Machi 2000, ni miongoni mwa maandishi adimu ambamo msomaji anaweza kuliona hitaji likipotea njiani, hatua kwa hatua.

Chombo kilikuwa na miguu mitatu, na kila mguu ulikuwa na kihisi cha kutambua kwamba umegusa ardhi. Vihisi vikisema kimegusa, injini zizimwe mara moja, kwa maana injini zikiendelea kuwaka baada ya kutua chombo kinaweza kupinduka. Tatizo ni kwamba miguu hiyo ilikunjuliwa kikiwa bado juu, kama mita 1,500 kutoka ardhini, na mshtuko wa kukunjuka ulikuwa na tabia ya kuvifanya vihisi vitoe ishara ya uongo kwa muda mfupi mno. Wahandisi wa mfumo waliijua tabia hiyo. Kwa hiyo waliandika hitaji lenye sehemu tatu: vihisi visomwe mara 100 kwa sekunde; usomaji uanze kabla chombo hakijaingia kwenye angahewa, ili mzigo wa kompyuta usibadilikebadilike; lakini data yake isitumike mpaka chombo kifike mita 12 juu ya ardhi.

Tulisome hitaji hilo kama atakavyolisoma mwandishi wa programu. Kiwango cha usomaji kimetajwa kwa tarakimu, na kimo kimetajwa kwa tarakimu. Kwa vipimo vya IEEE 830 ni vigumu kulikosoa, kwani kila kifungu kina tafsiri moja. Ila kifungu cha pili kimepewa sababu, nayo ni mzigo wa kompyuta, na kifungu cha tatu hakikupewa yoyote. Hakuna neno hata moja juu ya miguu kukunjuka wala juu ya ishara za uongo. Msomaji makini anaweza kudhani, bila kosa lolote la lugha, kwamba sentensi nzima inahusu utunzaji wa nguvu za kompyuta. (Huu ni usomaji wangu. Jopo lilisema tu kwamba hitaji halikuyaeleza matukio hayo bayana, na kwa hiyo wasanifu wa programu hawakuyazingatia ipasavyo.)

Kilichofuata ndicho kinachohusu mkakati wa majaribio. Mahitaji ya mfumo yalipohamishiwa kwenye orodha ya mahitaji ya programu, masharti ya kusoma mara 100 kwa sekunde na ya kukubali ishara baada ya visomo viwili mfululizo yalihama salama. Katazo la kutumia data mapema halikuhama kama lilivyokuwa. Badala yake orodha ilisema programu iweze kuvikagua vihisi iwe utoaji wa taarifa ya kutua umewashwa au haujawashwa. Programu ikafanya hivyohivyo. Ilisoma vihisi tangu juu, na ishara ya uongo ikidumu kwa visomo viwili iliihifadhi kwenye kumbukumbu. Kwenye mita 40 utoaji wa taarifa uliwashwa, kumbukumbu ikatazamwa, ikakutwa inasema chombo kimekwisha kutua. Jopo lilikadiria kwamba injini zilizimwa papo hapo, chombo kikiwa na kasi ya mita 13 kwa sekunde, kikaanguka na kugonga ardhi kwa mita 22 kwa sekunde, wakati kiliundwa kutua kwa mita 2.4. Kwa uangalifu wa kitaaluma jopo liliita hiki chanzo chenye uwezekano mkubwa zaidi. Hakukuwa na mawasiliano wakati wa kushuka, na hakuna aliyekwenda kukitazama.

Majaribio yaliyotokana na orodha ya programu yasingeweza kulikamata kosa hilo, kwa kuwa orodha yenyewe ndiyo iliyokuwa imepungukiwa. Palikuwa na nafasi nyingine. Jaribio la mfumo mzima la kukunjua miguu lilifanyika, lakini vihisi vilikuwa vimeunganishwa waya kimakosa, hivyo ishara ya uongo haikuonekana. Waya ziliporekebishwa, jaribio hilo la kukunjua miguu halikurudiwa. Kwa nini? Jibu langu ni la kubashiri, lakini nalishikilia: aliyejua kwamba kukunjuka kwa miguu kuna uhusiano na kuzimwa kwa injini hakuwamo chumbani wakati wa kuamua kipi kirudiwe. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Katika kazi hii, huyo ndiye anayepaswa kuambiwa kwanza.

Wapo wanaoichanganya ajali hii na ya Mars Climate Orbiter, chombo kilichopotea miezi michache kabla, tarehe 23 Septemba 1999, kwa sababu programu moja ilitoa takwimu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza badala ya nyutoni-sekunde. Mkanganyiko huo unatia doa mihadhara mingi. Waraka wa Orbiter ulisema wazi kwamba vipimo viwe vya metriki. Hapakuwa na utata, palikuwa na uvunjaji wa agizo ambao jaribio rahisi lingeukamata. Nakubali kwamba hoja yangu haina la kusema juu ya ajali hiyo.

Tofauti ya aina hizi mbili inaonekana vizuri zaidi karibu nasi, katika uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 4 Machi 2013. Matokeo ya awali yaliyorushwa kielektroniki yalionyesha kura zilizokataliwa zikipita 300,000. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilieleza baadaye kwamba programu ilikuwa ikizizidisha kwa 8; hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Hiyo ni kasoro ya kawaida, na jaribio la kujumlisha vituo vitatu lingeifichua. Ila chini yake palikuwa na swali ambalo hakuna mwandishi wa programu angeweza kulijibu. Ibara ya 138(4) ya Katiba inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Je, kura iliyokataliwa imepigwa au haikupigwa?

Mpimaji akikaa kuandika jaribio moja tu atalikuta swali hilo katika dakika za mwanzo. Karatasi 1,000 zimetumbukizwa, 20 zimekataliwa, mgombea ana 497. Jibu linalotarajiwa ni asilimia 49.7 na duru ya pili, au ni asilimia 50.7 na mshindi? Tume ilizijumuisha kura zilizokataliwa na kumtangaza Uhuru Kenyatta kwa asilimia 50.07, yaani kura 6,173,433 kati ya 12,330,028, ziada ya kura 8,419 tu juu ya nusu. Mahakama ya Juu ikaamua tarehe 30 Machi kwamba hazikupaswa kuhesabiwa. Kwa msingi huo anapata asilimia 50.51. Mshindi hakubadilika. Angebadilika kirahisi, na swali lingekuwa lilelile lililoweza kuulizwa mwaka mmoja kabla na mtu mwenye jedwali la majaribio mkononi.

Kwa timu ya kawaida mbinu ni nyepesi. Donald Gause na Gerald Weinberg walipendekeza mwaka 1989 kwamba watu kadhaa wasome hitaji moja, kila mmoja aandike peke yake namba anayodhani ndiyo jibu, kisha namba zilinganishwe. Zikitawanyika, utata upo. Naongeza masharti mawili. La kwanza, kila mmoja aandike pia sababu ya jibu lake, kwa kuwa watu wanaweza kukubaliana kwa namba huku wakitofautiana kwa maana, na tofauti hiyo ndiyo itakayouma hitaji litakapohamishwa. La pili, namba zifichwe mpaka wote wamalize. Katika ofisi zetu mkubwa akishasema yeye anaelewaje, kikao kimekwisha.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya haya linatoka kwa John Knight na Nancy Leveson. Mwaka 1986 walichapisha matokeo ya programu 27 zilizoandikwa kila moja peke yake kutokana na waraka mmoja, zikapimwa kwa majaribio milioni moja. Waandishi tofauti walikosea pamoja mara nyingi kuliko bahati nasibu ingeruhusu. Basi wasomaji wengi si kinga. Wanaweza kuafikiana kwenye kosa. Nalikubali tokeo, lakini silikubali kama jibu kwa hoja hii. Makosa yale yalitokana zaidi na ugumu wa tatizo lenyewe kuliko na waraka, na wote walikuwa wakifanya kazi ya aina moja. Mpimaji, karani wa malipo na mwandishi wa programu hawakosei kwa mtindo mmoja. Nakiri kwamba hili la mwisho naliamini kuliko ninavyoweza kulithibitisha.

Kinachofuata kwa sera ni mabadiliko katika zabuni. Kabla mkataba haujasainiwa, mnunuzi aambatishe majaribio aliyoandika mwenyewe, pamoja na orodha ya yale aliyoshindwa kuyapa jibu, na kila moja liwe na cheo cha mwenye mamlaka ya kulijibu na tarehe ya kujibu. Mzabuni ambaye hana swali la kuongeza kwenye orodha hiyo apunguziwe alama. Watasema ununuzi utachelewa, na ni kweli utachelewa. Katika taasisi nyingi safu ya mwenye mamlaka ndiyo itakayobaki tupu kwa muda mrefu zaidi, na mradi ambao safu hiyo haijajazwa usitangazwe.