Shauri la Mahakama na Masanduku ya Barua

Palikuwa na wakati ambapo barua ya mkazi wa Bulumbi kwa ndugu yake wa ng'ambo ya mpaka wa Busia haikuondoka katika mikono ya posta moja. Tangu mwaka 1935 stempu zilichapishwa zikiwa na majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja, na chini ya Mkataba wa mwaka 1967 Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilikuwa na makao yake makuu Kampala. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na mapatano ya kugawana mali yake yakatiwa sahihi Arusha mwezi wa Mei 1984, baada ya usuluhishi mrefu wa Mswisi, Victor Umbricht.

Walinzi wa mpaka huo, basi, wanayo sababu ya kukijua kisa cha posta kilichofika mbele ya mahakama ya kimataifa.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, bandari ya Danzig ilifanywa Mji Huru chini ya ulinzi wa Shirikisho la Mataifa, nayo Poland ikapewa haki ya kuendesha posta yake bandarini humo. Tarehe 5 Januari 1925 Poland ilitundika masanduku ya kutilia barua katika mitaa ya mji. Serikali ya Danzig ikapinga, ikidai kuwa posta hiyo haina ruhusa ya kufanya kazi nje ya jengo lake, wala ya kuhudumia watu wasiokuwa wa ofisi za Poland. Kamishna Mkuu wa Shirikisho akakubaliana na Danzig.

Baraza la Shirikisho halikuharakisha kuamua. Mwezi wa Machi liliiomba Mahakama ya Kudumu ya mjini Hague itoe shauri. Tarehe 16 Mei 1925 Mahakama ilijibu kwamba neno posta lichukuliwe kwa maana yake ya kawaida: kukusanya barua na kuzipeleka kwa wenyewe. Hivyo Poland ilikuwa na haki ya kuweka masanduku na kutuma matarishi ndani ya eneo la bandari, kwa manufaa ya watu wote. Mipaka ya eneo hilo ilibaki kuwekwa na wengine.

Shauri si hukumu, wala halina askari wa kulitekeleza. Lilipata nguvu kwa sababu Baraza lililikubali na pande zote mbili zikalifuata. Heshima hiyo ilipokwisha, karatasi haikuzuia risasi. Alfajiri ya tarehe 1 Septemba 1939, polisi wa Danzig pamoja na askari wa SS waliishambulia posta ile ile ya Poland. Wafanyakazi wake walijihami kwa muda wa saa kumi na nne hivi. Wengi wa waliosalimu amri walihukumiwa kifo, wakapigwa risasi tarehe 5 Oktoba mwaka huo. Hukumu hiyo ilitanguliwa na mahakama ya Ujerumani mwaka 1998, wakati ambapo haikuweza tena kumrudisha mtu.

Busia nayo imeonja uchungu wa namna hiyo. Mwezi wa Desemba 1987 majeshi ya Uganda na Kenya yalirushiana risasi mpakani hapo, na hapakuwapo mahakama ya Jumuiya ya kuulizwa shauri. Leo ipo. Mkataba wa mwaka 1999, katika Kifungu cha 36, unawaruhusu Wakuu wa Nchi, Baraza la Mawaziri au nchi mwanachama kuiomba Mahakama ya Afrika Mashariki shauri juu ya jambo la sheria litokanalo na Mkataba huo.

Lakini majaji wa Arusha, kama wale wa Hague, hawana bunduki. Bunduki ziko kwa askari wa zamu, kizuizini na kwenye doria. Nidhamu yake, na subira yake ya kungoja amri halali, ndiyo hulipa shauri la mahakama uzito, nayo ndiyo humwezesha mwananchi wa Bulumbi kuvuka mpaka kwa salama na barua yake mkononi.