Jicho Halikutosha Kupima Mshipa

Siku hizi kompyuta hukadiria jinsi damu inavyopita katika mshipa wa moyo uliobana, na wengi hudhani huu ni ujuzi wa juzi. Hesabu yenyewe ni kongwe. Daktari Mfaransa Jean Poiseuille alipitisha maji katika mirija ya kioo, mingine myembamba kuliko unywele, na mwanzoni mwa miaka ya 1840 akabaini kwamba kipenyo kikipungua nusu, msukumo na urefu vikibaki vilevile, kinachopita ni sehemu moja tu ya 16. Atakayesema mshipa si kioo na moyo hausukumi kama bomba la maji hajakosea: damu hudunda, na ikishapita penye mbano huzungukazunguka. Lakini milinganyo ya Navier na Stokes, inayokubali vurugu hizo, nayo ni ya karne hiyohiyo. Kilichochelewa ni kuuliza swali linalofaa.

Kwa miongo mingi swali lilikuwa: mshipa umebana asilimia ngapi kwenye picha ya eksirei? Mwaka 1974 Lance Gould, akifanya majaribio kwa mbwa, alionyesha kwamba mwili ukipumzika damu haipungui mpaka kipenyo kibane kama asilimia 85, ilhali uwezo wa kuiongeza moyo unapoihitaji hupotea mapema zaidi. Nico Pijls na Bernard De Bruyne wakafuata njia hiyo: waya wenye kipima shinikizo hupitishwa hadi ng'ambo ya mbano, mishipa ikifunguliwa kwa dawa ili damu ipite kwa wingi, kisha shinikizo la huko hugawanywa kwa lile la mshipa mkuu. Kuanzia 0.80 kushuka chini, mbano unahesabiwa kuwa unaunyima moyo damu. Utafiti wa FAME ulilizindua jicho: katika mibano iliyoonekana ya asilimia 50 hadi 70, ni 35 tu kati ya kila 100 iliyokuwa na madhara hayo.

Hapo ndipo kompyuta ilipopata kazi. Charles Taylor na wenzake, kazi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stanford, walijenga umbo la mishipa ya mgonjwa kutokana na picha za CT, wakatafuta uwiano uleule bila kuingiza waya. Marekani iliidhinisha njia hiyo mwaka 2014. Wapinzani husema mashine inabuni, kwa kuwa ukinzani wa vijishipa vidogo haupimwi bali hukisiwa kwa wingi wa msuli wa moyo. Ni kweli, ila makisio hayo yamelinganishwa na waya, na uzito wa kosa hutegemea lilipoangukia. Jibu la 0.60 likikosewa kidogo halibadilishi tiba. Likiwa 0.79, daktari makini bado atautaka waya.